Tarakimu haina ngeli

Mama yangu macho yamepungua nguvu, kwa hiyo siku hizi makala anazopenda namwekea kwenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti, anasikiliza kwenye simu. Mwanzoni nilikuwa nakopi na kupesti tu basi. Siku moja akaniita, "Mwanangu, huyu anasema watoto mbili, kafundishwa wapi Kiswahili?" Kuangalia, kumeandikwa "watoto 2".

Sisi tukiiona hiyo 2 mdomo wenyewe unatoa wawili, viwili, miwili au mawili kufuatana na neno lililotangulia, wala hatufikirii, ila programu ikisoma mbili kila mahali sikio linaumia. Sasa hivi 1 mpaka 5 na 8 naziandika kwa maneno, watoto wawili, vitabu vitatu, miti minane. 6, 7, 9 na 10 hazibadiliki hizo naziacha, lakini angalia 12 au 25, mkia wake nao unafuata ngeli, watu kumi na wawili, watu ishirini na watano.

Saa ndo mbaya zaidi. Umeandika 8:00 ukimaanisha saa mbili asubuhi, yenyewe ikisema saa nane ushampoteza mtu masaa sita, na kama ni habari ya kumeza dawa hilo sio jambo dogo kabisa. Andika saa mbili asubuhi, yaishe.

Vifupisho naandika kwa kirefu, maana nukta ya "Dkt." inaweza kuchukuliwa kama mwisho wa sentensi, sauti ikashuka kabla jina halijatajwa. Ng'ombe usisahau ile alama ya juu, bila hiyo inatoka ng ya ngoma.

Alafu kuna barabara. Ya magari mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho kama maneno yetu karibu yote, ila ile ya "kazi imekwenda barabara" mkazo unarudi nyuma na kwenye maandishi zote zinafanana, kwa hiyo hapo badala yake naandika neno "sawasawa".

Kuna na alama za SSML, yaani alama za kuielekeza sauti ya kompyuta isomeje, W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, walizipitisha 2004, unaweza kuiamuru sauti ipumzike nusu sekunde, japo sio kila programu inazikubali. Mi natumia koma na nukta, nasoma mwenyewe kwa sauti, pumzi ikikata naikata sentensi.

Jana mama kasikiliza makala nzima. Alivyoniita nikajua kuna neno limeharibika, kumbe anataka tubishane na mwandishi.