Forihendi nzito haitoki begani

Pale kwenye uwanja wetu wa tenisi wananiuliza siku hizi ninakula nini, maana forihendi yangu, lile pigo la upande wa mkono unaoshika raketi, imekuwa nzito na bado mpira unaangukia ndani. Chakula ni kilekile. Kilichobadilika ni mahali nguvu inapoanzia.

Anayetufundisha Jumamosi asubuhi ni kijana aliyeanza kwa kuokota mipira ya wakubwa. Leo hakuna mkubwa anayemfunga. Aliniangalia nikipiga mipira michache akasema, "Dada, mbona raketi unaikaba kama kuku anayetaka kuchoropoka?" Ukikaza kiganja, kifundo cha mkono kinakakamaa, na raketi haipati nafasi ya kubaki nyuma kidogo kisha ikafyatuka. Kwa joto la Dar mtu hukaba bila kujua, sababu ya jasho. Dawa ni taulo na gripu mpya, ile kanda ya kuzungushia mpini, basi.

Halafu kiuno. Mpira ukitoka tu kwa mwenzako, geuka mzima mzima, mkono wa kushoto ukiwa bado kwenye shingo ya raketi, uzito mguu wa kulia, magoti yamekunjwa. Sukuma ardhi, kiuno kifunguke, kifua kifuate, mkono uje mwisho kabisa. Mpira ukutane nao mbele ya mwili, si ubavuni. (Mtoto wa kike wa Uswahilini kufundishwa kukata kiuno! Nilicheka mpaka nikakaa chini.)

Sasa, nguvu bila mzunguko ni kumtafutia muokota mipira kazi. Raketi ianzie chini ya mpira ipande, ili mpira ujiviringishe kwenda mbele; ukizunguka hivyo, hewa inauvuta chini, kwa hiyo unaweza kuupitisha juu sana ya wavu na bado ukaangukia ndani. Wengi wetu tunapenda mpira ulambe wavu, eti ndiyo shoti kali. Nadal, yule bingwa wa Hispania, hakuchukua Roland Garros, mashindano makubwa ya tenisi ya Ufaransa, mara 14 kwa kulamba wavu.

Na piga mshazari. Mpira wa mshazari hupita katikati ya wavu, ambako una kimo cha sentimita 91 tu, wakati kwenye nguzo ni 107, na kona hadi kona unapata zaidi ya mita moja ya uwanja kuliko ukipiga moja kwa moja kando ya mstari.

Kuna wanaokimbilia kulegeza nyuzi za raketi. Nguvu kidogo utapata, lakini kama miguu imelala, mpira utaruka tu.

Zoezi letu ni kamba iliyofungwa mita moja hivi juu ya wavu: mpira upite juu ya kamba, uangukie nyuma ya mstari wa sevu, ule ulio kati ya wavu na mstari wa mwisho. Mipira ikianza kutoka nje, kishawishi ni kupunguza kasi ya mkono. Usipunguze. Mkono ukipoa, mzunguko unakufa na mpira unaelea. Bakiza kasi ileile, ila futa mpira zaidi kwenda juu, hasa pale upepo wa baharini unapokuwa mgongoni kwako.