Sancho na jazira yake isiyo na maji

Mi nimezaliwa Pemba, kwa hiyo kisiwa kwangu ni neno la kila siku kama chumvi tu, kisiwa ni boti, ni tiketi, ni kuuliza leo bahari imechafuka au shwari, na ukivuka ukamwambia mtu wa Dar unatoka visiwani hakuna anayekuuliza ndo wapi huko. Labda ndo maana niliposoma Don Quijote, lile libuku la Mhispania Cervantes (sehemu ya kwanza ilitoka 1605, ya pili 1615), vile vinu vya upepo anavyopigana navyo havikunishika sana, vinu kila mtu anavijua hata ambaye hajasoma. Kilichonishika ni neno moja ambalo Sancho Panza, mtumishi wa Don Quijote, halimtoki mdomoni: ínsula.

Sasa ngoja. Kisiwa kwa Kihispania cha kawaida ni isla. Ínsula ni neno la Kilatini, lilikuwa linakaa kwenye vile vitabu vya mashujaa na mapanga vilivyomvuruga akili Don Quijote, na humo ndo alikolitoa. Akamwendea jirani yake, mkulima maskini, hajui kusoma wala kuandika, ana mke na watoto, akamwambia nifuate, siku moja nitashinda ínsula na wewe ndo utakuwa gavana wake. Basi Sancho kaacha mke na watoto, kapanda punda, kaondoka. Sura ya 7 hiyo, bado asubuhi kabisa ya kitabu.

Huwa natafsiri vipande vipande kwa raha zangu tu, jioni, kwenye simu, na neno hili lilinikwamisha wiki nzima maana ukiandika kisiwa utani wote unakufa, kila Mswahili anajua kisiwa. Edith Grossman kwenye tafsiri yake ya Kiingereza ya 2003 kaliacha vilevile, ínsula, na namwelewa. Mwisho nikajaribu jazira. Ni kisiwa hicho hicho kwa Kiarabu, ila kwetu utalisikia kwa watu wa vitabu na mashairi ya zamani, sokoni hulisikii. Nikamtumia mama meseji ya sauti, mama, mtu akikwambia atakupa jazira unaelewa nini, akanijibu, "Jazira si ile tivii ya Waarabu, mwanangu?" Nikasema basi, neno nimepata.

Maana ndo hivo hivo linavosikika kwenye kitabu. Mwanzoni mwa sehemu ya pili Sancho anataka kuingia kumwona bwana wake mgonjwa, wanawake wa nyumba wamemzibia mlango, anajitetea kwamba yeye ndo aliyedanganywa, kaahidiwa ínsula na mpaka leo anaisubiri. Yule binti, mpwa wa Don Quijote, anamrukia: jazira mbaya zikupalie, Sancho mlaaniwa we! Halafu papo hapo anauliza, kwani hizo jazira ni nini, ni kitu cha kula, mlafi mkubwa wewe? Yaani kamlaani mtu kwa kitu asichokijua. Na Sancho anajibu kwa kujiamini kabisa kwamba si ya kula, ni ya kutawala. Hajasema imezungukwa na maji. Sidhani hata kama amewahi kufikiria maji.

Mkewe naye kauliza mapema zaidi, mwisho wa sehemu ya kwanza, ila yeye swali lake la kwanza mume anaporudi ni kama punda mzima (punda ni mzima kuliko mwenyewe, anajibiwa). Ndo anaambiwa asubiri kidogo atamwona mumewe gavana wa ínsula. Mke anauliza, ínsula ndo nini, sielewi. Jibu: asali si ya mdomo wa punda. We nawe Sancho! Punda mwenyewe mkeo kashamtaja kabla yako.

Don Quijote mwenyewe kila akidaiwa ana la kusema. Baada ya ugomvi na Mbaski mmoja, mtu wa kaskazini mwa Hispania, Sancho kapiga magoti anaomba ínsula yake, na bwana mkubwa, sikio linavuja damu, anamwambia hizi si safari za ínsula, hizi ni za njia panda, huku mtu hapati kitu ila kupasuliwa kichwa au kupungua sikio.

Kuna sehemu moja haichekeshi, na msomaji wa huku hawezi kuiruka. Katikati ya sehemu ya kwanza ínsula inataka kugeuka ufalme wa kubuni wa Guinea, na Sancho anaanza kusononeka kwamba raia wake watakuwa weusi. Halafu anapata dawa: atawapakia, awapeleke Hispania, awauze, weusi wawe fedha na dhahabu. Baadaye anaomba kabisa apewe upande wa pwani ili kupakia kuwe rahisi. Huyu huyu Sancho tunayempenda. Na angalia, ndo hapa anapoikumbuka bahari.

Haya, ínsula inakuja. Duke mmoja na mkewe, watu wa pesa na wasio na kazi, wanaamua wajichekee, wanampa Sancho kimji chao cha wenyeji kama elfu moja, wanakiita ínsula Barataria. Anapelekwa amepanda nyumbu, punda wake nyuma kapambwa hariri. Kisiwani! Juu ya nyumbu! Hakuna boti, hakuna mtu kulowa hata kiatu, na yeye haulizi. Kule daktari anamkataza kila sahani, anashinda na njaa, ila anahukumu kesi vizuri kuliko waliomcheka, na usiku wa saba wanamzushia vita ya uongo na yeye basi, anakwenda bandani, anambusu punda wake kwenye paji la uso, anaondoka na kipande cha mkate na jibini.

Njiani anakutana na Ricote. Aliyekuwa muuza duka kijijini kwao, Morisko, wa uzao wa Waislamu wa Hispania, waliofukuzwa wote kuanzia 1609. Kapita Ufaransa, Italia, Ujerumani, sasa kajipenyeza kurudi kwa mavazi ya hija, kuchimbua mali aliyoificha. Sancho anamsimulia ínsula yake na Ricote anamwambia nyamaza Sancho, ínsula ziko huko baharini, nchi kavu hakuna ínsula. Kurasa mamia kwa mamia, na anayesema hivo ni mtu aliyenyimwa hata kijiji. Sancho anabisha! Leo asubuhi nimetoka huko, anasema.

Na hapa nina kitu sijui nikiweke wapi. Cervantes alitekwa na maharamia 1575, akakaa mateka Algiers, mji mkuu wa Algeria ya leo, mpaka 1580. Algiers kwa Kiarabu ni al-Jazair. Visiwa. Vile visiwa vidogo vya mbele ya mji vilishaunganishwa na nchi kavu na Barbarossa, haramia aliyeutawala mji huo, tangu 1529, kwa hiyo Cervantes kakaa miaka mitano kwenye mji unaoitwa Visiwa na visiwa vyenyewe unavifikia kwa miguu. Sisemi ndo alikolitoa wazo la ínsula ya nchi kavu, mi nimeona tu nikashindwa kulala.

Nilikuwa nafikiria kwa Ricote niandike kisiwa, maana yeye ndo anayejua anachosema. Lakini kitabu kinasema aliongea na Sancho Kihispania safi, bila kujikwaa kwenye lugha yake ya Kimorisko, na lugha hiyo, Kiarabu chao, isla yake ni jazira. Nimemwachia. Nyamaza Sancho, jazira ziko huko baharini.