Maji ya udhu yanavyonywesha miti ya msikiti wetu

Ukitaka msikiti ushughulikie mabadiliko ya tabianchi, usianze na mada ya gesi joto. Tulishauriwa tuanze nayo, waumini wakasikiliza kwa adabu, wakaenda zao. Sisi tuliwashika kwa hadithi inayojulikana tangu madrasa: Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita. Tukaweka ndoo chini ya koki, kila aliyetawadha akaona alichomwaga. Wengi walipita lita tano.

Tulipotaka maji hayo yanyweshe miti, wazee waliuliza hukumu kabla ya gharama, na walifanya vyema. Kwa madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata huku pwani, maji mustaamali, yaani yaliyokwisha kutawadhiwa, ni tohara ila hayatoharishi. Huwezi kuyatawadhia tena, lakini mti unamwagiliwa bila wasiwasi. Maji ya istinjaa, ya kujisafishia chooni, ni mengine: yana bomba lake hadi shimoni, na mabomba hayo mawili yasikutane popote.

Fundi mmoja alisisitiza tutoe bomba la inchi 2 mferejini moja kwa moja mpaka kwenye miti. Likaziba upesi, na litaziba kwa yeyote, kwa sababu adui hapa ni mchanga wa miguuni, si uchafu wa mwili. Dawa yake ni pipa la lita 200 lililofukiwa nusu. Bomba la kuingizia lishuke ndani hadi katikati ya pipa, maji yasianguke kwa kishindo na kutibua mchanga uliotuama. La kutolea liwe juu, karibu shubiri moja kutoka mdomoni, na kwa ndani lifungwe elbo (kiungo cha kona) inayotazama chini; nywele, majani na povu vinavyoelea vinabaki pipani. Hiyo elbo ni ya bei ndogo mno, nayo ndiyo iliyotuokoa! Mchanga tunauzoa Alhamisi jioni, kwa kuwa Ijumaa maji huja kwa wingi. Usiyalaze maji hayo zaidi ya siku moja, yatanuka na kuzaa mbu. Yaishie kwenye visahani vya miti vyenye matandazo, kamwe si kwenye mchicha wala mboga za kachumbari. Vyote, na kibarua, vilikula laki tatu na ushee.

Majirani zetu Walutheri hawana udhu, wana bati. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 150 likipata milimita 20, hesabu lita 2,400 baada ya upotevu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi wanaimwaga, inaosha vumbi na vinyesi vya ndege. Miche wanapanda vijana wa kipaimara, kama ilivyo Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), Kilimanjaro, ambako Fredrick Shoo aliitwa Askofu wa Miti. Tangi lao likikauka, tunawavutia mpira kutoka kwenye pipa letu, maana mche wa mwaka wa kwanza hausubiri masika.