Mtoto Ajuaye Bwawa na Bahari ya Paje

Kila Desemba inapokaribia, wazazi wenzangu katika bwawa ambako watoto wetu hujifunza kuogelea hapa Nairobi huniuliza kama mtoto anayemaliza mita 25 bila kushika ukuta anaweza kuachwa aogelee Zanzibar. Mimi huwajibu kwamba bado, na kinachonitia hofu si mawimbi. Kina cha bwawa letu kimeandikwa ukingoni na hakibadiliki tangu asubuhi hadi jioni, ilhali bahari ya Paje, mashariki mwa Unguja, haikai katika kina kimoja hata kwa saa nzima.

Mwaka juzi, maji yakiwa yamekupwa, nilitembea na mpwa wangu wa miaka 9 kuelekea mwambani, tukiwa na viatu vya mpira, tukitazama viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota. Bibi mmoja aliyekuwa akivuna mwani alituita: "Mwanangu, maji yashaanza kujaa. Mrudishe mtoto sasa hivi." Mimi sikuwa nimeona dalili yoyote, kwa kuwa maji hayakufika hata kwenye vifundo vya miguu. Hata hivyo tulitii, na tulipofika kwenye bonde la mchanga ambalo tulikuwa tumelivuka maji yakiwa magotini, yalikuwa yamemfika mtoto kifuani, ingawa mwamba tuliouacha nyuma ulikuwa bado unaonekana. Maji hujaza kwanza mahali palipo chini, na mahali hapo palikuwa kati yetu na ufuo.

Siku za bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au mchanga, tofauti kati ya maji kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Kujaa huchukua saa 6 na dakika chache, lakini si kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza huongeza kidogo tu, kisha saa ya 3 na ya 4 huleta karibu nusu ya maji yote, yaani mita 2, kimo kinachowapita watu wazima walio wengi. Ndiyo maana siku hizi huuliza saa ya maji kupwa kabla ya jambo lolote, tukatoka mapema, na saa hiyo ikifika tunageuka. Wakulima wa mwani wakianza kubeba magunia yao, nasi tunarudi, hata kama mtoto analia.

Kuhusu mkondo unaovuta kuelekea kilindini, nimemfundisha asishindane nao, bali aelee, ainue mkono kuomba msaada, na akiwa na nguvu aogelee sambamba na ufuo hadi autoke.

Tukienda kwa mashua karibu na kisiwa kidogo cha Mnemba kutazama samaki, humvika jaketi la kujiokoa tukiwa bado ufuoni, nikafunga mikanda yote, kisha nikalivuta juu kwa mabega. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno kwake. Nahodha akisema hana jingine dogo, hatupandi.