Pauni 18

Trekta la baba mdogo, Massey Ferguson 240, lilikuwa limekaa miaka chini ya mwembe wa mtu pale Dumila kabla hajalinunua. Injini nzima, akasema, matairi ni jambo dogo. La nyuma, upande wa kulia, lilikuwa limelala kabisa, rimu imelikalia, na ubavu wake umechanika mistari mistari kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Nilitia ukucha kwenye ufa mmoja, ukagusa nyuzi.

Ilikuwa mwishoni mwa 2011. Nimemaliza kidato cha nne, kila kazi ya nyumbani ni yangu.

Fundi pancha alikuja na kompresa ndogo ya petroli nyuma ya pikipiki. Akagonga ubavu kwa nyundo, akasikiliza. "Mzee, hili limeoza. Tafuta jingine."

Baba mdogo akacheka. "Fundi, la trekta hata pauni 20 halifiki. Baiskeli ya huyu kijana inakula 40! Upepo wa kupuliza kwa mdomo unakutisha?"

Hata mimi nilimwona fundi mwoga. Hesabu nilikuja kuipiga baadaye kabisa. Upepo wa baiskeli haujazi hata ndoo. Tairi lile linameza zaidi ya pipa zima. Halafu pauni inahesabiwa kwa kila inchi ya mraba. Kipande cha ubavu chenye ukubwa wa daftari, inchi 6 kwa 8, kwa pauni 18 kinasukumwa kwa karibu kilo 400. Na kilichokuwa kinazuia kilo hizo ni zile nyuzi nilizozigusa kwa ukucha.

Geji nilishika mimi, nimechuchumaa ubavuni kabisa kwa sababu pini iko huko. Fundi aliniambia mara mbili nihamie upande wa meno. Nikamwambia huko sioni mshale. Ukapita 10, ukapita 15. Kwenye 18 nikasikia tk, tk-tk, kama bisi za kwanza kwenye sufuria. Nikainamisha sikio nisikie vizuri. Ujinga wa miaka 18.

Fundi aliujua mlio ule. Alinivuta kwa ukosi wa shati, nikaanguka chali, na hapo hapo ubavu ukafunguka. Mchanga ulinichoma mguu mzima. Kipande cha mpira kilitoboa ukuta wa jiko la bibi, kuku wakaingia migombani, na sikio langu la kushoto likaanza kulia ngiii. Hadi leo simu naisikilizia sikio la kulia.

Vumbi lilipotua nilimwona fundi anakunja mpira wake wa kompresa, yeye na baba mdogo wanabishana. Niliona midomo tu. Maneno alinisimulia bibi jioni.

"Elfu 5."

"Ya nini, na tairi limepasuka?"

"Ya upepo. Mimi niliutia, mzee. Kuutunza ndiko kumekushinda."