Mlango Ambao Sikuuchora

Saa 11 alfajiri. Siwashi taa. Nakaa kwenye kigoda mbele ya kanvasi, gizani, nusu saa nzima bila neno. Watu wakisikia kwamba nasali kabla ya kushika brashi hudhani nangojea maono. Wapi! Nanyamazisha kichwa tu, maana kikiachiwa huanza kupanga bei kabla picha haijaisha.

Saa 12. Mwanga umeingia kwa pembeni na kufichua kila mkwaruzo. Picha ina urefu wa mita 2. Chini kuna manjano ya udongo, juu yake bluu nyepesi, tabaka 11 hadi sasa. Nagusa pembe kwa kidole: bado inanata. Rangi ya akriliki, ile ya kuchanganywa na maji, hukauka maji yake yakitoka, lakini rangi ya mafuta hushika kwa kunywa hewa, na huchukua siku, hata majuma. Ukiharakisha, tabaka la juu likatangulia kukauka kuliko la chini, picha itakuja kupasuka. Kwa hiyo kazi yangu kubwa ni kungoja, na sijui mtu anayelipwa kwa kungoja.

Saa 2. Nasaga bluu. Hii ni ultramarini, ambayo zamani ilitokana na jiwe la lapis lazuli lililochimbwa Afghanistan, na wachoraji wa Ulaya waliitunza kwa ajili ya joho la Bikira Maria. Tangu miaka ya 1820 inatengenezwa kiwandani. Yangu ni ya kiwandani. Sijaona sala ikikataa kupita humo.

Saa 4. Mteja amefika kuangalia kazi. Amesimama, akainamisha kichwa, akarudi nyuma hatua tatu. Nikafurahi, hivyo ndivyo picha inavyopaswa kutazamwa. Kisha:

“Huu ni mlango, siyo?”

“Hapana, dada. Si picha ya kitu chochote.”

“Ni mlango. Tazama, hata kizingiti kipo.”

Nikatazama. Kizingiti kipo. Miezi miwili nakesha na picha hii nisikione, na sasa sioni kingine.

Saa 6. Nimekasirika, nakiri. Nimemkumbuka Hilma af Klint, mchoraji wa Sweden, aliyechora picha 193 kwa ajili ya hekalu alilokuwa akiliwaza, kati ya 1906 na 1915, halafu akaagiza zisionyeshwe mpaka ipite miaka 20 baada ya kifo chake. Nilikuwa naona amezidisha. Leo namwona ana akili sana.

Saa 8 mchana. Naigeuza kanvasi juu chini, dawa ya kawaida ya jicho lililozoea. Mlango umekuwa shimo. Nairudisha. Nachukua kisu cha rangi na kukwangua ukingo wa kulia, pale bluu ilipokuwa imenyooka mno, taratibu, nikifuta na kitambaa, nikirudi nyuma, nikifuta tena. Saa mbili nzima kwa sehemu isiyozidi upana wa viganja viwili. Mara manjano ya chini yakaanza kupenya, si kama mstari, bali kama kitu kinachopumua nyuma ya pazia. Hapo nimeacha. Mkono ulitaka kuendelea, nimeuweka mfukoni.

Sasa picha ni nzuri kuliko ilivyokuwa asubuhi, na aliyesababisha ni yule dada. Hilo linaniudhi zaidi ya mlango wenyewe.

Saa 12 jioni. Usafi. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani, yale ya kuchanganyia rangi, navilowesha maji ndani ya debe la bati na kulifunika. Ukivirundika vikavu vinaweza kujichemsha na kuwaka vyenyewe, bila kiberiti. Brashi nazo zinaoshwa mpaka maji yatoke meupe.

Simu inalia. Ni ujumbe wa mteja: picha inaitwaje?

Nimejibu: “Bado haina jina.”

“Basi mimi naiita Mlango.”

Nimeigeuzia ukutani, nikazima taa.