Picha za familia Pipeline: mradi umefika hapa

Napiga picha za familia nyumbani kwao, na bado niko ploti moja tu hapa Pipeline, Embakasi, Nairobi, na sihami mpaka nimalize hii korido. Kwa wageni, mtaa ulipata jina kwa lile bomba la mafuta linalotoka Mombasa, na maghorofa yamebanana mpaka nyumba za chini saa sita mchana watu wamewasha taa.

Hizo taa ndizo zimenitoa jasho. Stima yetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde na kila mzunguko unafifia mara mbili, kwa hivyo balbu za LED za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini kamera inaona, ukiweka shata 1/250, yaani kamera ifunguke kwa sehemu moja ya 250 ya sekunde, unapata mistari ya giza imekatiza uso wa mtu. Sasa naweka 1/50 ama 1/100, polepole zaidi, na watoto wakikimbia wakatoka ukungu, sawa tu, wamekimbia.

Sasa kuna kitu wapenda picha za dokumentari hawapendi kusikia, familia zinataka kupozi. Ukibisha hodi na kamera unaambiwa "ngoja kidogo", pazia la kitanda linavutwa, mtungi wa gesi unasukumwa nyuma ya kochi, vitambaa vinanyooshwa, mtoto anapakwa mafuta mpaka anang'aa. Kuna watakaosema hapo ukweli umeshaharibika. Mimi naona ndio unaanza, kwa sababu kwa singo rumu moja yenye jikoni, sebule na chumba cha kulala, kile kinachofichwa na kile kinachowekwa mbele kinakuambia mengi kuliko mtu aliyevamiwa akikula. Kwa hivyo napiga ya kupozi kwanza, naiprinti, nawapelekea, halafu ndio naomba kukaa tu wakiendelea na shughuli zao.

Ruhusa naandikisha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mzazi akubali kwa niaba ya mtoto, na hata isingetaka bado ningeuliza, fomu yangu ni ukurasa mmoja kwa Kiswahili rahisi. Mama mmoja wa juu aliisoma yote akaniangalia.

"Kijana, na hii ya sufuria zangu utaonyesha nani?"

"Hakuna mtu, mama, mpaka wewe useme."

Akatia sahihi ya watoto, ya sufuria akakataa kabisa. Nimeitoa, na ilikuwa kali maze.

Kinachofuata ni Jumapili jioni, uniformu zikipigwa pasi na homuwaki ikifanyiwa kitandani. Baadaye nataka familia Kaloleni, zile nyumba za chini za miaka ya 1940 ambazo mtoto akitoka mlangoni anakanyaga udongo, niziweke kando ya hizi za korido. Lakini kwanza kuna keateka, msimamizi wa ploti, amesikia wapangaji wanaletewa picha na yeye anadai yake, apigwe getini akiwa amevaa koti. Hiyo ni Jumamosi.